Mnyonyeshe Kwanza, Sindano Haina Njaa

Kina mama wenzangu, kabla sijasema lolote, naomba kuuliza. Nani kati yetu leo asubuhi amekunywa chai kwa kiporo? Inueni mikono, hapa hakuna mgeni. Naona mikono mingi. Naona na wengine wanatazama chini, lakini vidole vyao bado vinanukia maharage ya jana. Mimi nimekula ndizi za jana zilizopashwa moto, na zilikuwa tamu kuliko zilipotoka jikoni mara ya kwanza.

Sasa swali la pili. Kama mama mchungaji angepiga hodi mlangoni kwako wakati sufuria ya kiporo iko motoni, ungefanya nini? Ungemwambia karibu, kiporo kipo? Au ungeifunika ile sufuria, ukaisukuma chini ya meza kwa mguu, ukamtuma mtoto dukani kuleta mkate?

Mnacheka kwa sababu mnajijua. Basi msikipeleke mbali hicho kicheko, kwa maana mfano wangu wa leo unahusu sufuria iliyofunikwa.

Kulikuwa na mama mmoja kijana. Tumwite Mama Tuntufye, maana nimetazama mabenchi yote na sioni Mama Tuntufye hapa, kwa hiyo hakuna atakayetoka akisema nimemsema. Mama huyu alifanya kazi kwenye kituo cha ushonaji, kule milimani kwenye baridi, ambako wasichana hujifunza kushona sare za shule na magauni. Lakini yeye hakushona. Alitengeneza masomo ya kwenye simu. Mradi mmoja ulikuwa umekiazimisha kituo kompyuta, ukamfundisha namna ya kupanga picha na sauti zikafuatana. Ukibonyeza, unaona hatua ya kwanza. Ukibonyeza tena, unaona ya pili. Msichana aliyefika nyumbani akakuta amesahau alichofundishwa mchana, alifungua simu yake na kujifunza tena huku akikoroga uji.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la ovaloki. Kwa asiyejua, ovaloki ni ile mashine inayofunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Geuza sketi yako utazame mshono kwa ndani, utaiona kazi yake. Usigeuze sasa hivi, geuza ukifika nyumbani. Ni mashine nzuri, lakini ina nyuzi nne, kila uzi una njia yake, na njia hizo zina utaratibu. Nyuzi za chini hutangulia, za sindano hufuata. Ukikimbilia sindano, unashona kidogo tu, uzi unakatika. Unatunga tena, unakatika tena. Kituo kilikuwa na ovaloki moja na wasichana wengi, na wasichana hao walikuwa wamelia mbele ya mashine ile kuliko walivyolia misibani.

Aliyeujua utaratibu huo kwa moyo alikuwa fundi mkuu wa kituo, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Kwa hiyo Mama Tuntufye aliipiga picha mikono ya Fundi hatua kwa hatua, mikono yenyewe kama ilivyo, na ule ukucha wa kidole cha shahada uliopasuka katikati tangu siku sindano ilipopita juu yake. Halafu akamrekodi sauti.

Siku ya kurekodi mtoto alikuwa mgongoni. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na nyinyi mnajua, mvua ya kwetu ikirudi juu ya bati hakuna kinachosikika, kwa hiyo walifanya haraka. Uzi wa kwanza ukapita salama. Walipofika kwenye uzi wa pili, ule mgumu unaopita kwenye tundu la chini, mahali jicho halifiki, mtoto akaanza kulia. Fundi hakukasirika. Kwa sauti ileile ya kufundishia akasema, "Mama Tuntufye, mnyonyeshe kwanza, sindano haina njaa." Mtoto akanyonya kidogo, akatulia. Fundi akaendelea, "Haya, huu uzi wa pili, inama uutazame." Walipomaliza tu, mvua ikarudi kwa kishindo, na haikuacha tena siku ile. Hapakuwa na nafasi ya kurekodi upya. Somo likaenda hivyohivyo, na kilio cha mtoto ndani yake.

Mnadhani wasichana walichukia? Walilipenda kwa sababu hiyo. Walisema hapo ndipo utaratibu ulipowakaa kichwani. Ukimsikia mtoto analia, ujue umefika kwenye uzi mgumu, tulia, sindano bado. Wakaanza kurushiana lile somo. Huyu akamtumia binamu yake, binamu akamtumia rafiki wa wilaya nyingine, na ikafika mahali hakuna aliyejua limefika wapi.

Basi mwaka uliofuata likatangazwa shindano. Taasisi fulani ilitaka watu wanaobuni masomo ya simu mkoa mzima walete kazi zao. Kazi itakayopita kuliko zote, mwenyewe atapewa kompyuta iwe yake kabisa. Itakayofuata, itapelekwa pamoja nayo kwenye vituo vyote vya ufundi. Masharti yalikuwa mepesi. Unaweza kuleta kazi mpya, na unaweza kuleta kazi ya zamani uliyoiboresha, mradi useme ilikuwa nini na umebadilisha nini. Na kila mshiriki arekodi maneno machache kwa sauti yake mwenyewe, aeleze kazi yake ilivyozaliwa.

Mama Tuntufye aliitaka ile kompyuta, na si kwa kujivuna. Ule mradi ulikuwa unafunga kazi zake, na masika yakiisha watakuja kuichukua kompyuta yao. Ikiondoka, na masomo yameondoka. Atarudi kuuza mbogamboga kama zamani. Si dhambi kuuza mbogamboga, mimi nauza, lakini yeye alikuwa amegundua kitu ambacho mikono yake inakiweza, na ukishakigundua ni vigumu kukiacha.

Alianza somo jipya. Likamshinda. Tuntufye alikuwa anaota meno, anataka kubebwa kutwa, na siku za shindano zilikuwa zinakwisha. Ndipo akasema moyoni, mbona ninalo la ovaloki? Nitalichukua lile, niongeze maswali ya mwisho ya kujipima ambayo halikuwa nayo, nikuze picha zionekane hata kwenye simu ndogo, nilipeleke. Lilikuwa wazo zuri. Masharti yaliruhusu. Angeishia hapo, mimi leo nisingekuwa na mfano.

Lakini alikuwa na wifi. Na wifi, kina mama, mnawajua. Wengine tumekaa nao benchi moja hapa.

Wifi alikuja kuazima kinu, akamkuta anafanya kazi, akauliza ni nini, akaelezwa. Akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Wifi," akasema, "umeitwa kwenye karamu ya watu wakubwa, na wewe unawabebea kiporo?"

Mama Tuntufye akamwambia kwamba wenyewe wameruhusu kazi ya zamani.

"Wameruhusu, ndiyo. Hata wewe ukija kwangu siku ya harusi nitakuruhusu uingie na kandambili. Sasa utakuja nazo?"

Wakacheka wote wawili, wifi akachukua kinu akaenda zake. Kwa wifi maneno yaliishia pale. Lakini kwa Mama Tuntufye yalibaki ndani kama punje ya mchanga kwenye mchicha. Kila alipolitazama lile somo, hakuona tena somo. Aliona kiporo. Akajiuliza, waamuzi watasema nini wakisikia mtoto analia katikati ya somo? Watasema huyu mama ametoka wapi? Akaanza kulisafisha.

Akaitoa sauti ya Fundi, kwa kuwa Fundi huongea kilugha kidogo akisahau, akaweka yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Akakitoa kilio cha mtoto. Akatoa na yale maneno ya kunyonyesha. Jina la somo lilikuwa Nyuzi Nne, akaliita Misingi ya Utungaji wa Nyuzi katika Mashine. Akabadilisha rangi zote. Picha tu hakuweza kuzibadilisha, maana ovaloki ilikuwa na kazi kutwa nzima na hapakuwa na nafasi ya kupiga nyingine, kwa hiyo mikono ya Fundi ilibaki. Na kwa kuwa ile kompyuta ya kuazima ilikuwa imejaa, kila alipohifadhi jipya alilihifadhi palepale juu ya la zamani. Alipomaliza, la zamani halikuwepo tena.

Halafu akarekodi yale maneno machache. Hakusema uongo mwingi. Alisema mmoja tu. Alisema, "Somo hili nimelianza upya kabisa kwa ajili ya shindano hili." Akatuma kwa jina lake la usichana, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuchuma mboga. Siku ile alilala vizuri. Uongo mdogo, kina mama, haunyimi mtu usingizi siku ya kwanza.

Siku chache baadaye alikuwa uani anafua nepi, simu ikalia. Alikuwa mwamuzi mmoja wa shindano, mama mwenye sauti ya upole, aliyesimamia kituo cha ushonaji cha wilaya ya mbali. Akamsalimu, akamwuliza hali ya nyumbani na ya mtoto anayesikika. Kisha akasema kazi yake wameipenda wote. Mama Tuntufye akakaa juu ya ndoo.

"Lakini mwanangu," yule mwamuzi akasema, "hii mikono ninaifahamu. Huu ukucha uliopasuka ninaufahamu. Wasichana wangu wamejifunza kwa mikono hii tangu mwaka jana. Wewe umesema umeanza upya. Sasa niambie tu kwa uzuri, hii kazi umeichukua kwa nani?"

Mnaona alipofika? Mama Tuntufye akajibu kwamba ni yake. Akaambiwa, kama ni yako, mbona umesema ni mpya? Akaambiwa, basi tutumie ile ya zamani unayoitunza wewe, tuitazame, tuone kama inasema ni yako. Akakumbuka kwamba ile ya zamani aliifuta kwa mkono wake. Mwamuzi akamwambia kwa upole uleule kwamba shindano halijafungwa bado, watasubiri mpaka kesho, lakini kazi ya mtu mwingine hawawezi kuipokea, na jina la aliyechukua kazi ya mtu mwingine hawataliita tena.

Nawauliza, kina mama. Mtu anaweza kuiba nyumbani kwake? Anaweza kuingia shambani kwake, akachuma mahindi yake aliyoyapanda na kuyapalilia, halafu akakamatwa kama mwizi? Anaweza. Akiingia kwa kunyata, akiwa amejifunika uso, hata mbwa wake atambwekea.

Nepi zilibaki kwenye maji. Mama Tuntufye akaenda kituoni. Njiani alipanga maneno, akafika yote yamemtoka. Fundi alikuwa anakata kitambaa cha sare, mkasi haukusimama. Mama Tuntufye akaamkia, akaeleza kila kitu tangu mwanzo, na kandambili za wifi, na ile sauti aliyoiondoa. Hakuficha. Alipomaliza, mkasi ukasimama.

"Kwa hiyo mwanangu," Fundi akasema, "kiporo kilikuwa ni mimi?"

Mama Tuntufye akainamisha kichwa, machozi yakaanza kumtoka. Fundi akamwacha alie kidogo, si sana. Kisha akamwuliza kama anakumbuka jogoo wa Sikukuu ya Mavuno. Nyinyi mnamjua, kila mwaka yupo wa namna yake. Jogoo analetwa madhabahuni, ibada ikiisha anapigwa mnada nje, anayemnunua anasema namrudisha kwa Bwana, anapigwa mnada tena, wa pili naye anamrudisha, na jua likichwea jogoo yuleyule amemtumikia Mungu mara tatu na bado anawika.

"Umewahi kusikia mtu akisema tunamtolea Mungu kiporo?" Fundi akauliza. "Hakuna. Kwa sababu kila anayemrudisha anasimama anasema mbele za watu, huyu ndiye yule jogoo. Angemfunga kitambaa akasema ni bata, hapo tungegombana. Futa machozi. Ita wasichana."

Wasichana wakaitwa. Wakaulizwa nani bado ana Nyuzi Nne kwenye simu yake. Mikono ikainuka kama yenu ilivyoinuka asubuhi hii kwa ajili ya kiporo. Wakachagua simu yenye sauti kubwa kuliko zote, wakampigia yule mwamuzi, Fundi akajitambulisha, akasema mikono ni yake na ukucha ni wake, na sasa mama sikiliza. Wakaisogeza simu moja karibu na nyingine, wakalifungua somo. Cherehani zote zikasimama.

Sauti ya Fundi ikatoka, ikataja uzi wa kwanza. Ukapita. Ikaja kwenye uzi wa pili. Mtoto akalia ndani ya simu. Na Tuntufye mwenyewe, aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, akasikia kuna mtoto analia, naye akaanza kulia. Wakalia wawili, mmoja wa mwaka jana na mmoja wa leo, na ni mtoto yuleyule. Kisha ile sauti ikasema, "Mama Tuntufye, mnyonyeshe kwanza, sindano haina njaa."

"Ngoja," mwamuzi akasema. "Mwanangu, wewe hapo kwenu wanakuita nani?"

"Mama Tuntufye."

"Kumbe ni mtu." Na yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Wasichana wangu wakifika kwenye uzi wa pili wanaambiana, nimefika kwa Mama Tuntufye. Mimi siku zote nilidhani ndilo jina la lile tundu."

Kina mama, hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Lile somo lote halikuwa na mahali pengine palipotajwa aliyelitengeneza. Hapakuwa na picha yake. Hapakuwa na sahihi yake. Mahali pekee penye jina lake palikuwa pale mtoto alipolia. Na pale ndipo alipopaondoa akapatupa, akasema panaaibisha. Alipokitoa kilio cha mwanawe, alijitoa na yeye.

Naona macho yenu, mnataka kujua kompyuta iliishia wapi. Nitawaambia. Mwamuzi alimwambia alete kazi yake tena kabla shindano halijafungwa, na safari hii aseme ukweli ilivyozaliwa. Alirudisha sauti ya Fundi kutoka kwenye simu za wasichana, akarudisha kilio, akarudisha jina la Nyuzi Nne. Zile picha kubwa na maswali ya kujipima akayabakiza, maana yalikuwa mazuri kweli. Akarekodi maneno mapya. Alisema, "Hiki ni kiporo. Kimeliwa na wengi kabla yenu na wameshiba. Mimi nimekipasha moto na kuongeza chumvi." Waamuzi wakakila.

Hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja aliyetengeneza somo la mizinga, nasikia ni zuri sana, hata nyuki unawasikia. Kompyuta akapewa yeye, na ilikuwa haki yake. Mama Tuntufye akawa wa pili, Nyuzi Nne zikapelekwa vituo vyote vya mkoa, na vituo vile vikaanza kumwuliza, je, la kutoboa matundu ya vifungo lipo? La kupima mabega lipo? Masika yalipoisha, wale wa mradi wakaja kuchukua kompyuta yao. Wakamkuta ameifungua mezani, mtoto mapajani, anatengeneza somo lililoombwa. Wakatazamana. Wakasema basi, tutakuja kuichukua akimaliza. Nami nawahakikishia, mpaka leo hana haraka ya kumaliza.

Na wifi alikuja kurudisha kinu. Alipoelezwa yote akasema, "Si nilikwambia kiporo kitamu?" Mambo ya wifi.

Sasa tutoke kwa Mama Tuntufye, turudi kwetu sisi.

Sisi tukitaka kusali mbele za watu, tunafanya nini? Tunaazima sauti. Yule mama aliyekuwa anaongea vizuri nje, akicheka, akisimulia habari za kuku wake, akisimama kuomba anakuwa kama mtu anayesoma tangazo. Tunatoa kilugha chetu. Tunatoa uchovu wetu. Tunayatoa yale ya jikoni, yale ya mtoto aliyeugua, yale ya mume tuliyenuniana naye tangu juzi, tunasema hayo hayafai kusikika mbele za Bwana. Tunamletea Mungu maombi yaliyosafishwa sana, hayana hata alama moja ya mikono yetu. Je, tukiulizwa, haya umeyatoa kwa nani, tutajibu nini?

Na wengine wetu hatuombi kabisa. Tunasema tunasubiri. Nitarudi kwenye kwaya mtoto akikua. Nitaanza kutumika nikishatengeneza maisha mapya, haya niliyonayo yameshatumika, yana viraka. Dada yangu, unasubiri upikiwe maisha mengine na nani? Mungu hajakukataza kuleta haya ya jana. Alichoomba ni kitu kimoja, useme ukweli yametoka wapi. Simama na jogoo wako, sema ndiye yuleyule. Pasha moto, ongeza chumvi, leta.

Kwetu sisi, mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando. Wanamwita kwa mtoto wake. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini ukifika Jumapili, mtoto yuleyule anayelibeba jina letu, akilia kidogo tu, tunageuziwa shingo benchi zima, na sisi wenyewe tunaona haya, tunatoka naye haraka kama anayetoa sufuria ya kiporo mgeni asiione. Mahubiri tunayasikilizia barazani, kwenye baridi, sikio moja ndani na jingine nje. Nani ametuambia kwamba Mungu hatutambui tukiwa tumemshika mtoto anayelia? Mimi naamini ni kinyume. Naamini yapo maombi mengi mazuri yanayopanda kutoka kanisani humu, na huko juu wanauliza haya ni ya nani, haya ni ya nani. Halafu mtoto analia mlangoni, wanasema, ahaa, huyu tunamjua, ni Mama fulani.

Nimemaliza. Ila tangu nilipoanza kusema, kuna mtoto namsikia hapo nje, na naiona ncha ya kitenge cha mama yake kwenye mwimo wa mlango. Mliokaa benchi la mbele, sogeeni kidogo, huku kuna joto. Na wewe mama uliye barazani, sijui jina lako bado, utatuambia. Ingia ndani na mwanao. Mnyonyeshe kwanza. Sisi tutakungoja, halafu tutaomba pamoja.